Kandambili Ndani ya Kasa

Gongoni,
18 Januari 1987

Kwa Shangazi Jedida,

Shikamoo. Natumaini umefika Kibwezi salama na kwamba mguu wa Nyanya umeanza kupata nafuu. Sisi huku hatujambo. Baba anakusalimu. Wiki hii wanavuna chumvi tangu alfajiri, na akirudi nyumbani nyusi zake ni nyeupe kama za mzee wa miaka mia, hata Mama humwambia akajipukute nje kabla hajakaa kitini. Mama Waruguru wa hoteli anakusalimu pia. Anasema tangu uondoke hana mtu wa kumwambia ukweli kuhusu chai yake.

Sasa habari za nasari uliyoniachia. Tulifungua Jumatatu. Nilikuwa na wasiwasi, kwa kuwa juzi tu, mwezi wa Novemba, nilikuwa mimi mwenyewe mbele ya karatasi za mtihani wa kidato cha nne. Lakini siku ilikwenda vizuri. Aliyelia ni Kombe peke yake, naye alilia kwa sababu wakati wa kwenda nyumbani ulifika.

Jumamosi nilifungua sanduku la vibao vya wanyama, vile vya mashine ya kukatia karatasi. Shangazi, hewa ya chumvi imevila. Nilivitoa vyote nje nikavipanga juu ya mkeka, nikazisugua zile nyembe za chuma kwa msasa mpaka kutu ikatoka. Ndani ya kila mnyama, kati ya chuma na ubao, nilikuta vipande vya mpira mkuukuu vimegandamana, vyeusi, vingine vinanata kama ulimbo. Uchafu huo nao niliukwangua wote kwa kisu, nikauchoma pamoja na takataka za uani. Sasa vibao vinang'aa. Nimevipanga kwa alfabeti, kuanzia bata mpaka twiga, na ubavuni mwa kila kimoja nimebandika umbo la mnyama wake ili nisipekue nikitafuta.

Swali langu ni kuhusu dubu. Niliwaonyesha watoto nikawauliza ni nani huyu. Mapenzi akasema, "Ni mbwa wa tajiri." Kombe akasema hapana, ni nguruwe aliyevaa koti. Je, wewe ulikuwa ukiwaambia nini?

Nakuahidi nitavitunza.

Mtoto wa ndugu yako,
Idah Mwikali

*

Kibwezi,
7 Februari 1987

Kwa Idah,

Marahaba, mwanangu. Barua yako ilifika. Mguu wa Nyanya ni uleule, lakini mdomo umepona kabisa. Jana alimfukuza mchuuzi wa vyungu kwa sababu alimwita "mama mzee". Huku ni kukavu. Tembo walipita katika shamba la jirani usiku wakamaliza mahindi aliyobakiwa nayo. Asubuhi jirani akaja kuniuliza, kwa kuwa mimi nimetoka pwani, kama kuna dawa ya tembo. Nikamwambia tembo ninaowajua mimi ni wa karatasi ya manila.

Kuhusu alfabeti. Najua umesoma, lakini wanyama wale hawakai kwa alfabeti. Wanakaa kwa karatasi. Mpange mbuzi pamoja na kuku, kwa kuwa kuku huingia chini ya tumbo la mbuzi na wote wawili wakatoka katika karatasi moja. Samaki mweke na twiga, hukatwa pale kati ya shingo na mgongo. Kaa na kasa ni ndugu, waweke pamoja. Tembo mwache peke yake, huyo hula manila nzima kama mgeni wa heshima. Ukifuata alfabeti utamaliza karatasi kabla ya Pasaka, na kanisa halitakupa nyingine.

Tena usikate asubuhi. Karatasi ya asubuhi huko Gongoni imekunywa umande, ni laini, haikatiki, inatafunika tu. Kata baada ya chakula cha mchana, karatasi tatu kwa mkupuo mmoja, usizidishe. Ukimaliza pangusa chuma kwa mafuta ya nazi, kidogo tu, ya kwenye ncha ya kidole. Na ule mwanya unaobaki katika karatasi mnyama akishatoka usiutupe. Mtoto ambaye mkono wake bado unatetemeka hujifunza kuchora kwa kuzungusha penseli mle ndani.

Dubu alikuja na mashine, na yule mama wa misheni aliyetuachia. Wanyama waliotoka kwao walikuwa sita. Wengine wote, hata kaa na kasa, tulitengenezewa na Gona wa karakana ya chumvi, alipoona watoto wanalia kwamba hakuna mnyama wa baharini. Dubu waache wamwite watakavyo.

Sasa nikuulize. Ulisema ulikwangua mpira wa ndani ukauchoma. Ule si uchafu. Ndio unaosukuma karatasi itoke kwenye chuma baada ya kukatwa. Je, uliukwangua wote? Hata wa kasa? Nijibu upesi.

Shangazi yako,
Jedida Mumbua

*

Gongoni,
20 Februari 1987

Kwa Shangazi Jedida,

Shikamoo. Nimeipata barua yako leo, na nakujibu leo hii hii kama ulivyotaka. Baba hajambo, ila amekatwa kidole na bati. Mama anasema mtu wa chumvi hahitaji dawa ya kidonda, na Baba hakucheka.

Shangazi, jibu ni ndiyo. Niliukwangua wote. Hata wa kasa.

Nimeona sasa ulivyosema. Tangu tuanze kukata, karatasi inakwama ndani ya chuma. Nainua kibao, mnyama hatoki, inabidi nimchokoe kwa sindano ya kufumia. Twiga wote wamekatika shingo. Sungura wametoka wakiwa na sikio moja moja, na Mbeyu, msichana anayekaa dawati la mbele, amewahurumia akawatengenezea vilemba ili lisionekane lililokatika. Nilidhani ni makosa ya mkono wangu. Kumbe nimetoa kile kilichokuwa kikifanya kazi.

Nisamehe. Niliona cheusi na kinachonata, sikufikiri. Nimekwisha kuvipanga upya kwa karatasi kama ulivyoniagiza: mbuzi na kuku, samaki na twiga, kaa na kasa. Niambie ni mpira wa aina gani unaofaa, nami nitauweka. Nataka kila kitu kiwe kama ulivyokiacha.

Nasubiri maneno yako.

Idah

*

Gongoni,
22 Aprili 1987

Kwa Shangazi Jedida,

Shikamoo. Natumaini hamjambo nyote, na kwamba kukawia kwa barua yako ni kwa ajili ya posta tu. Hapa Pasaka ilikwenda vizuri. Mvua imeanza, mabwawa ya chumvi yamejaa maji, kazi imesimama na wanaume wapo nyumbani wakiwakosoa wake zao upishi. Mama amempa Baba kazi ya kupaka chokaa choo ili anyamaze.

Sijui kama barua yangu ya Februari ilikufika. Nilikiri humo kwamba niliuchoma mpira wote.

Juzi tulipokuwa tukila niliwasimulia Baba na Mama habari hiyo, kwa jinsi ya kuchekesha, kuhusu sungura waliovaa vilemba. Mama alicheka. Baba akauliza, "Mpira wa kasa pia?" Nikasema ndiyo. Akaweka chini kipande cha ugali, akanawa, akatoka nje kwenye mvua. Nilimwuliza Mama nimekosa nini. Akaniambia, "Mwandikie shangazi yako tena."

Kwa hiyo nakuandikia tena. Mwezi wa Julai ni siku ya wazazi. Kila mwaka watoto walining'iniza msafara wa wanyama kuzunguka ukuta wa kanisa, nami nilikuwa mmoja wao. Nisingependa mwaka wangu wa kwanza ndio uwe wa twiga wasio na shingo. Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba umenyamaza.

Kama umekasirika, nigombeze. Nitakusoma.

Idah

*

Kibwezi,
11 Mei 1987

Kwa Idah,

Salamu kwenu nyote. Nyanya yupo. Mvua ilinyesha siku mbili ikaenda zake.

Barua zako zote mbili zilinifika. Nilikuwa naanza kukujibu nikachana, nikaanza tena.

Mpira ule ulikuwa wa kandambili za watoto wa darasa. Mtoto zikimkatikia, au mguu ukizidi, nilikuwa namwomba mama yake anipe, nakata vipande, nabandika kwa gundi ya fundi viatu. Ndani ya bata mlikuwa na kandambili zako wewe. Ndani ya mbuzi mlikuwa na za yule kijana ambaye sasa anaendesha trekta la kampuni. Ndani ya kasa mlikuwa na za mwanangu Laban.

Wewe ulikuwa mdogo, sijui unakumbuka nini. Surua ilipomchukua mwaka wa sabini na tano alikuwa hajatimiza miaka sita. Nguo zake ziligawanywa, na godoro likachomwa kwa kuogopa ugonjwa. Kandambili zilikuwa chini ya meza yangu darasani, ndiyo maana zilibaki. Sikuweza kuzitazama na sikuweza kuzitupa. Nikazikata. Miaka yote hiyo nilikuwa nikivuta mkono wa mashine, na nikiinua kibao, yeye ndiye aliyekuwa akisukuma kasa watoke. Hakuna aliyejua isipokuwa baba yako, kwa kuwa alinikuta nikikata.

Hukujua, na sikukuambia. Hilo nalielewa na sikugombezi. Lakini sitaki vibao vikae huko tena. Vifunge vyote, uvilete kwa basi la Malindi kwenda Nairobi, kondakta avishushe Kibwezi. Mashine iache, ni mali ya kanisa. Vibao ni vyangu.

Jedida

*

Gongoni,
30 Mei 1987

Kwa Shangazi Jedida,

Shikamoo. Nyumbani hatujambo. Nyanya mwambie nimepata ule ushanga alionitumia kwa mkono wa mjukuu wa jirani yenu.

Sanduku limeondoka leo asubuhi. Nimevipangusa vibao kwa mafuta ya nazi kabla ya kuvifunga, na kati ya kila viwili nimeweka gazeti ili vyuma visigusane. Vimekaa jozi jozi kama ulivyonifundisha. Tembo nimemfunga katika shuka peke yake. Baba alilisindikiza sanduku mpaka Malindi, na hakukubali kondakta aliweke juu ya paa. Wakabishana. Kondakta akasema, "Mzee, humu ndani mna mayai?" Baba akasema, "Mna watoto wa watu." Nadhani kondakta alimwogopa, kwa maana aliliweka chini ya kiti chake mwenyewe na akaapa kwamba hata kwenye feri ya Kilifi hatashuka akaliacha.

Watoto waliniona nikifunga kamba. Kombe aliuliza, "Mwalimu, wanyama wanakwenda wapi?" Nikamwambia wanakwenda kwa mwenyewe. "Watarudi?" Mapenzi ndiye aliyemjibu: "Wanakwenda kunywa maji, mjinga wewe. Hapa maji yote ni ya chumvi."

Sasa tunakata kwa mikasi. Mikasi ni minne, kwa hiyo tunapokezana na kupigana kidogo. Ng'ombe wa Kombe ana miguu mitano. Nilipomwonyesha akasema wa tano ni mkia, nilipomwonyesha mkia mwingine akasema, "Huo ni wa akiba." Siku ya wazazi tutaning'iniza hao tulio nao.

Siandiki haya ili urudishe vibao. Ulisema ni vyako, na ni kweli.

Kuhusu yale mengine uliyoniandikia, nimekaa na kalamu mara nyingi na sijapata neno. Nisamehe kwa hilo pia.

Idah

*

Kibwezi,
27 Juni 1987

Kwa Idah,

Natumaini wote ni wazima. Mwambie baba yako kwamba kondakta alilishusha sanduku kwa mikono miwili kama anayekabidhi bibi harusi. Majirani walikuja kutazama. Mmoja alikuwa ameambiwa Jedida ameletewa nyama kutoka pwani, akaja na sufuria. Alipomwona dubu akauliza huliwa vipi.

Vibao umevitunza vizuri. Hakuna chuma kilichopinda. Ulivyovifunga ndivyo ambavyo ningevifunga mwenyewe.

Nilimtoa kasa nikamweka juu ya meza, karibu na dirisha. Hapo ndipo amekaa tangu siku ile. Nilidhani nikiwa naye ndani ya nyumba moyo utatulia. Nikakaa nikautazama ule mfereji mtupu wa ndani ulipokuwa mpira, nikajaribu kuurudisha kwa macho. Idah, sikumbuki rangi yake.

Nilisema ni bluu. Kesho yake nikasema la, ni kijani. Siku nyingine nikaamka na uhakika kwamba ni nyekundu, kisha nikakumbuka nyekundu zilikuwa zako. Nilimwuliza Nyanya. Nyanya akasema, "Yule mtoto? Yule alikuwa akitembea miguu mitupu." Nikamwacha.

Nilikuwa nikivishika vibao vile kila siku ya kazi, tangu azikwe mpaka nilipoondoka, nami sikuwahi kuangalia. Nilijua tu kwamba yumo. Nilikukasirikia kwa kuchoma kitu ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kukipoteza nikiwa nimekishika mkononi. Nani nimwulize sasa? Mume wangu amekwenda. Picha aliyopigwa Laban inamwonyesha mpaka kifuani.

Wewe ndiwe uliyezishika mwisho. Zilikuwa rangi gani?

Jedida

*

Gongoni,
9 Julai 1987

Shangazi,

Zilikuwa za kijani.

Lakini nisikudanganye. Nilipokuwa nikikwangua sikuona rangi yoyote. Mpira wote ulikuwa mweusi kwa mafuta ya nazi na miaka. Kijani ninayokuambia ni ile niliyoiona miguuni mwake.

Nilisoma barua yako mezani, kwa sauti, maana sikutaka kulibeba swali hili peke yangu. Baba akasema ni bluu. Mama akasema, "Wewe hata rangi ya mlango wako huijui, na umeupaka mwenyewe." Baba akasema huo mlango ni bluu. Mama akasema mlango ni kijani, simama uende ukautazame. Akaenda, akarudi akakaa. Kisha akacheka, Shangazi, na Mama akacheka, na wakaanza kumtaja Laban mmoja baada ya mwingine kama watu wanaopokezana ndoo kisimani. Sikuwa nimewahi kusikia jina hilo likitajwa mezani kwetu. Ulipokuwa hapa tulilinyamazia ili tusikuumize, na ulipoondoka tukaendelea kulinyamazia kwa mazoea.

Unasema hujui ninakumbuka nini. Basi nikuambie.

Kandambili za kijani, na ya mguu mmoja kamba ilikuwa imekatika, Gona akaipitishia waya. Waya ule ulikuwa ukimkwaruza kati ya vidole, naye hakukubali ubadilishwe kwa sababu hakuna mtoto mwingine aliyekuwa na kandambili yenye waya. Tena alizivaa makusudi kinyume, ya kulia kushoto na ya kushoto kulia. Tulipokuwa tukipita kando ya mabwawa ya chumvi, kwenye matope, alinionyesha nyayo zake akasema, "Mtu akitufuata atapotea." Nami nikaanza kuvaa zangu kinyume. Nilianguka nikachubuka goti, na wewe ukanipaka dawa ile ya zambarau ukaniuliza, mwanangu, hujui mguu wako ni upi? Laban alikuwa nyuma yako ameziba mdomo.

Darasani alikuwa akikuita Mwalimu. Alikuwa makini sana kwa hilo, kuliko sisi wengine tuliokuita Shangazi tukapigwa jicho. Lakini ulipomkemea, ghafla alikuwa akisema, "Mama, mimi nimefanya nini?" na wewe ukageukia ubao ili tusikuone unacheka. Tulikuwa tukikuona. Mabega yako yalikuwa yakikusaliti.

Na kasa. Siku Gona alipoleta kile kibao kipya ulitupanga mstari kila mmoja avute mkono wa mashine. Mimi nilikuwa mbele yake. Nilikuwa nataka kasa, ukanipa bata, nikalia. Laban akaninong'oneza, "Bata naye anajua kuogelea, nyamaza." Zamu yake ilipofika akavuta kwa kuning'inia kwenye ule mkono na miguu yote miwili, akatoka kasa wa manila ya njano. Akamweka sakafuni, akachuchumaa kumtazama. Ukamwambia, "Laban, nenda ukakae." Akasema, "Ngoja kwanza, Mwalimu, nione anaelekea upande gani." Ukasema, "Laban, hiyo ni karatasi." Akasema, "Najua, Mwalimu. Lakini yeye bado hajajua."

Haya ninayo yote. Hayakuwa ndani ya mpira. Mpira ningeuokoa kama ningejua, na nitajuta siku zote kwamba niliuchoma. Lakini ukitaka kujua jambo lolote lingine, uniulize. Mama anasema ana habari za yai na kuku wa pasta wa kanisa letu ambazo wewe hukuambiwa kwa usalama wa Laban, na sasa anaona hakuna hatari tena.

Idah

*

Kibwezi,
25 Julai 1987

Kwa Idah,

Hatujambo. Barua yako nimeisoma peke yangu, kisha nikamsomea Nyanya, kisha jirani wa sufuria akaja nikamsomea naye, ingawa hakuwahi kutujua. Nyanya alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Nilikuambia alikuwa na viatu." Tukamwacha ashinde.

Kwamba aliniita Mwalimu nilikuwa nimesahau. Nilimsikia ulipoandika. Si sura, sauti. Nililia, na sikulia vibaya.

Sanduku litakuja kwa basi la Jumanne, tarehe 11 Agosti, baba yako akalipokee Malindi. Siku ya wazazi yenu itakuwa imepita, najua, na natumaini ng'ombe wa miguu mitano ameheshimiwa. Vibao vyote vimo, na kasa yumo. Nilitaka kubaki naye. Nimekaa naye hapa mezani karibu majuma manane, na kasa bila karatasi ni chuma tu. Huku hakuna mtoto wa kumtia sakafuni aone anaelekea wapi.

Mpira utautafuta mwenyewe. Watoto wanakua, na kandambili zinakatika kila siku. Usinunue mpya dukani, ni mgumu, hausukumi. Kata upana wa kidole kidogo, uzidi chuma kwa unene wa kucha. Bandika, acha usiku kucha chini ya jiwe. Usiniambie ni za nani ndani ya nani. Hao ni watoto wako.

Mwambie mama yako aiandike ile habari ya kuku wa pasta kwa mkono wake, asimwachie baba yako, atakosea rangi ya kuku.

Nawe ukiniandikia, usianze na mvua, wala chumvi, wala afya ya mtu yeyote. Nitajua mko wazima kwa kuwa umeandika. Anza na Laban.

Jedida Mumbua